Katekista na Kuku wa Kasense

Ukimpelekea Katekista habari ya kuku mgonjwa, hakukuuliza kuku ana nini. Alikuuliza nani amekuja kwenu.

Swali hilo liliwaudhi watu wengi, na mama yangu alikuwa mbele yao. Siku ya kwanza kulisikia alikuwa ametoka nyumbani mbio, jembe amelitupa, jogoo mmoja amelala kifudifudi karibu na kinu. Alifika kwa Katekista akihema, na mzee yule hakunyanyuka kwenye kigoda chake.

"Juma hili mmepata wageni gani?"

Mama akasema hakuja kutangaza wageni wake. Katekista akasema basi na yeye hana la kusema. Mwishowe Mama akakubali kwamba shemeji yake alikuja kutoka Kaengesa.

"Mikono mitupu?"

Haikuwa mikono mitupu. Shemeji mwenye adabu haji mikono mitupu. Alileta tetea mmoja mweupe, amefungwa miguu vizuri kwa kamba ya katani.

"Yuko wapi huyo tetea?"

"Alikufa juzi."

"Mkamla?"

Mama akatazama pembeni. Katekista akaanza kuvaa viatu. "Kideri," akasema. "Shemeji yako amekuletea kideri, na wewe umempikia chai."

Alikuwa sahihi. Kuku wetu waliisha wiki ile ile, na Mama alikaa muda mrefu bila kumsalimia Katekista, si kwa sababu alikosea bali kwa sababu hakukosea. Mimi nilikua nikimjua hivyo: mtu aliyesema kweli kwa namna iliyokufanya utamani angalau mara moja aseme uongo.

Kwa kazi alikuwa katekista wa kigango chetu cha Kasense. Paroko alikuwa na vigango vingi na pikipiki moja, kwa hiyo Jumapili nyingi ibada aliongoza yeye, watoto wa Komunyo ya kwanza aliwafundisha yeye, na wafu aliwazika yeye. Kazi yake ya pili ilikuwa kuchanja kuku. Ilianza pale kijiji kilipotakiwa kupeleka mtu mmoja kwenye semina ya mifugo mjini, watu wote wakakataa kwa sababu kulikuwa na palizi, akaenda yeye. Wenzake walidhani atarudi na habari za soda na wali. Alirudi na sanduku dogo, chupa ya chai na imani mpya.

Nasema imani makusudi. Tangu siku ile alikuwa na jambo moja alilolitaka hapa duniani, na hakumficha mtu. Alitaka kuona kiangazi kimoja, kimoja tu, ambacho hakuna nyumba hata moja ya Kasense itakayopoteza kuku kwa kideri. Alilisema kwenye matangazo baada ya ibada. Alilisema kwenye matanga. Mara moja alilisema kwenye harusi, alipopewa nafasi ya kuwausia maharusi, na bibi harusi akaitikia amina kwa sababu hakujua aitikie nini.

Asiyefuga ataona ni jambo dogo. Kwetu kideri huja kiangazi, mavuno yakishaingia ndani na upepo wa uwanda ukianza kupasua midomo. Asubuhi unafungua banda, unamkuta kuku mmoja amejikunyata, mabawa yameshuka, kinyesi cha kijani. Jioni wamekuwa kadhaa. Kesho yake shingo zinapinda, mwingine anazunguka mahali pamoja kana kwamba ametupa kitu hapo, na baada ya hapo kazi yako ni kufagia manyoya. Kikishaingia hakina dawa. Mahindi na ulezi ni mali ya nyumba nzima, lakini kuku ndiye sare ya shule, ndiye nauli ya kwenda hospitali, ndiye kitoweo cha mgeni asiyetarajiwa, na kwa mama zetu ndiye mali pekee ambayo hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa ya kuiuza. Banda likiisha, mwanamke huanza upya kwa kuazima kuku wa kuatamia. Nimewaona wanawake wazima wakilia mbele ya banda tupu, na sijawahi kuona cha kucheka hapo.

Chanjo ya kideri hutunzwa kwenye ubaridi, na Kasense haikuwa na friji ya kuaminika. Katekista alikuwa na rafiki mwenye duka pale mjini, Mwislamu mcha Mungu aliyeuza vinywaji baridi, ambaye alimpa barafu kila msimu na kumwombea dua kuku wote bila kujali dhehebu lao. Barafu ilipakiwa kwenye chupa ya chai, kichupa cha chanjo kikafungwa kwa plastiki na kuzamishwa humo, na chupa ikafungwa kwenye baiskeli kwa mpira. Tatizo ni kwamba ilifanana na chupa za chai za watu wengine wote. Jumapili moja Paroko alikuja kusoma misa, na baadaye akina mama wakamkaribisha chai. Kikombe kikajaa maji ya baridi, na kichupa kikaanguka ndani. Paroko alikitazama, akauliza kwa upole kama ni mafuta ya wagonjwa.

"Ni ya kuku, Padre," akasema Katekista. "Chai yako iko kwenye ile nyingine."

Paroko aliinywa hiyo nyingine polepole sana.

Sasa niseme habari ya uzio. Kwetu Ufipa mtu hasalimiwi kwa haraka. Unainama, unapiga makofi taratibu, unauliza habari za nyumbani, za shamba, za watoto, na mwenzako anakujibu kwa kipimo hicho hicho, kisha anakukaribisha ndani. Katekista aliyafanya yote hayo, makofi na kuinama na maswali, lakini aliyafanya akiwa barabarani. Uzio wa mwenye kuku hakuuvuka. Ulimwambia karibu ndani, akasema nimeshakaribia. Ulimletea kigoda, akakaa juu yake nje, kwenye vumbi, watu wakipita na kuuliza mnagombana nini.

"Viatu vyangu vimetoka kwa watu," alisema. "Sijui walichokanyaga."

Aliamini kwamba ugonjwa husafiri kwa viatu, kwa matundu ya kubebea kuku na kwa heshima. Wagonjwa aliletewa pale nje, mmoja mmoja, na akimaliza aliosha viatu na mikono kwa maji ya majivu kabla ya kwenda nyumba nyingine. Waliomjua walimzoea. Wasiomjua walidhani anaringa, au amesikia kwamba wewe ni mchawi. Uzio aliuvuka kwa ajili ya binadamu tu, na hasa binadamu aliye mahututi. Ndiyo maana bibi yangu, siku aliyokuwa na malaria, alipofumbua macho na kumwona Katekista kando ya kitanda chake, alipiga kelele.

"Ameingia ndani? Basi nimekwisha!"

Hakufa. Aliishi miaka mingi baadaye, na hakumsamehe hata siku moja.

Kuku walioletwa pale nje aliwagawa katika mafungu matatu: mzima, mgonjwa na marehemu. Marehemu alikuwa kuku ambaye bado amesimama. Mwenye kuku alikuwa anabishana, anaonyesha kwamba huyu anatembea, huyu jana alikula, na Katekista anasikiliza mpaka mwisho, kisha anasema: "Marehemu. Mfukie mbali, usimuuze." Hilo la kuuza lilikuwa kero yake kubwa. Watu wakiona kuku wa kwanza amesinzia, walikuwa wanawakamata waliobaki haraka na kuwapeleka sokoni Malangali, ambako watu wa mjini hununua bila kuuliza maswali. Katekista aliwafundisha watoto wa Komunyo kwamba kuuza kuku mgonjwa ni dhambi ya kuungama. Paroko akaanza kusikia maungamo ya watoto wa miaka tisa kuhusu biashara za mama zao, ikabidi amwombe Katekista apunguze.

Nisikudanganye ukadhani alitumia macho tu. Alipasua kinyesi kwa kijiti. Cha kijani kilimkunjisha uso. Chenye damu, hasa kwa vifaranga, kilimfurahisha kidogo, maana kile kina dawa dukani na alijua jina lake. Vivimbe usoni na kwenye kishungi aliviita ndui, akasema weka kivuli, weka maji safi, ngoja. Na kama hakujua alisema sijui, na kuondoka, jambo lililowaudhi watu kuliko marehemu.

Kuna nyumba moja ya mpika pombe ambako aliitwa asubuhi kwa kelele. Kuku walikuwa wanayumba. Wengine shingo zimelegea, wengine wamekaa chini na mabawa wameyatandaza, na jogoo mmoja alijaribu kuwika akaanguka. Mume wa mpika pombe alikuwa hajasubiri mtu. Alisema ni kideri, akashika kisu, akaanza na wale wanono, ili wafe kwa faida. Katekista aliletewa mmoja wa waliobaki kule nje. Akamfungua mdomo, akanusa. Akanusa tena.

"Nani amechuja pombe hapa?"

Mpika pombe akasema yeye, jana, ulezi wa mwaka huu, mzuri sana.

"Na machicha mmemwaga wapi?"

Machicha yalikuwa nyuma ya nyumba, na kuku walikuwa wameyashughulikia tangu alfajiri.

"Hawa hawaumwi," akasema Katekista. "Hawa wamelewa. Wapeni maji, waacheni walale."

Mume akasimama na kisu chake. "Na hawa niliowachinja?"

Katekista akanyoosha shingo juu ya uzio, akaitazama sufuria. "Hao nao wamelewa," akasema, akaosha mikono.

Siku ya chanjo yenyewe ilikuwa na sheria zake. Ilikuwa siku moja kwa kijiji chote, asubuhi mapema kabla banda halijafunguliwa, tone moja kwenye jicho moja, na kuku apepese jicho mbele yake ndipo aachiwe. Wale wagonjwa walikuwa hawahusiki. Kila msimu mtu alimletea kuku wa kufa akamwambia mchanje huyu kwanza, na kila msimu alirudia kwamba chanjo ni ya mzima, kama ubatizo wa watoto, hungoji mtu aanze kutenda dhambi. Mfano huo haukumfurahisha Paroko lakini akina mama waliuelewa.

Pamoja na ukali huo wote, alikuwa anapendekeza shubiri. Mtu ambaye kuku wake wameshaanza kufa, ambaye hapakuwa na cha kumsaidia, alimwagiza akakate majani ya shubiri, ayaponde, ayaweke kwenye maji ya kunywa, abadilishe asubuhi na jioni. Nilipokuwa mtu mzima nilimwuliza kama inaponya kideri.

"Haiponyi."

"Sasa unawadanganya?"

"Sijawaambia inaponya. Nimewaambia wakate, waponde, wabadilishe." Akafikiri. "Mama mwenye kuku wanaokufa hawezi kukaa bure. Akikaa bure atawapeleka sokoni."

Yeye mwenyewe kuchinja hakuweza. Mkewe alichinja, yeye akiwa ameenda kuangalia kitu shambani, na akarudi akala vizuri kabisa.

Lazima nifike kwenye mavuno, ingawa ni sehemu ambayo watu wa Kasense hawapendi isimuliwe. Kigango chetu kilikuwa na shukrani ya mavuno, na siku hiyo watu walitoa matoleo: madebe ya mahindi, ulezi, maboga, na kuku wazima, miguu imefungwa, wanapangwa mbele ya altare. Baada ya ibada kuna mnada nje. Unanunua kuku wa jirani, jirani ananunua wako, watu wanapandishiana bei kwa utani, pesa inakwenda kwenye bati la kanisa, na kila mtu anarudi nyumbani na kuku asiyemjua. Ilikuwa siku ya furaha kuliko Krismasi.

"Ningetaka kuwaua kuku wote wa Kasense," Katekista aliliambia baraza la walei, "nisingebuni njia nzuri kuliko hii. Kutoka kila nyumba, mnawalaza pamoja, kisha mnawapeleka kila nyumba."

Aliomba kuku wazima wasiletwe tena kanisani. Mwenyekiti wa walei, mtu mzito na mwema, mwenye mashamba makubwa, alisema kuku wameletwa mbele ya altare hii tangu Katekista hajabatizwa. Wengine wakasema Katekista anataka Mungu ale mayai. Walibishana mpaka wakachoka, wakakubaliana kama watu waliochoka wanavyokubaliana: kuku waje, ila Katekista asimame mlangoni awakague, na mgonjwa arudi kwao. Katekista alikubali.

Jumapili ya mavuno alisimama mlangoni amevaa kanzu yake ya ibada. Foleni ilifika barabarani. Alishika kila kuku, akatazama macho, akainua mkia, akasema pita. Kuku wanono, macho maangavu, walipita mmoja baada ya mwingine. Kisha akafika mke wa Mwenyekiti, kitenge kipya, na jogoo mwekundu mkubwa ambaye alikuwa ametoka shamba la mbali akining'inia kichwa chini kwenye baiskeli. Jogoo alikuwa amelegea, jicho moja limefumba.

"Marehemu," akasema Katekista.

"Marehemu nani?" akauliza mke wa Mwenyekiti.

"Jogoo wako, mama. Mrudishe nyumbani."

Mwenyekiti mwenyewe alikuwa ndani, benchi la mbele, akigeuza shingo. Mama yule alirudi akipita foleni yote, jogoo mkononi, watu wakimpisha, akilia bila sauti. Mchana ule jogoo alikuwa juu ya paa la jiko akiwika. Alikuwa na kizunguzungu tu.

Kideri kiliingia kabla juma halijaisha. Hakikuja na jogoo mwekundu. Kilikuja na mmoja wa wale wenye macho maangavu, kwa sababu kuku hubeba ugonjwa siku kadhaa kabla haujaonekana, na hilo Katekista alilijua, alifundishwa kwenye semina, na aliwahi kutufundisha sisi. Kiliingia karibu kila nyumba iliyonunua mnadani. Kwa Mwenyekiti, ambaye kwa cheo chake alinunua kuku wengi kuliko wote, waliisha kabisa, na jogoo mwekundu alikuwa wa mwisho kufa.

Sasa watu walikuwa na makosa mawili ya kumshika nayo, na hakuna aliyejali kwamba yalikuwa yanapingana. Paroko alimwomba apumzike kidogo. Alikaa benchi la nyuma na mkewe, mtu mwingine akasoma masomo, vibaya, na yeye akaimba besi kwa nguvu kupita kiasi. Nilimwonea huruma, na nilijishangaa, maana kwetu hatukuwa watu wa kumwonea huruma yule mzee. Alikuwa amepoteza altare na amepoteza kiangazi kwa siku moja.

Jioni moja alikwenda kwa Mwenyekiti. Najua kwa sababu nilikuwa natoka kisimani na ndoo kichwani, na nilisimama kama mtu anayepumzika. Alisimama barabarani, nje ya uzio, akainama akapiga makofi.

"Nilimkosea jogoo wako," akasema kwa sauti, "na nilimkosea mkeo mbele za watu. Lakini kosa kubwa si hilo. Kosa ni kwamba niliwakubalia mlango. Nilijua mlango haupimi kideri. Nilikubali ili tusigombane."

Mwenyekiti alinyanyuka barazani. Kisha akatoka, akavuka uzio yeye, akaja barabarani, akainama na kupiga makofi.

"Mwakani sema unachotaka," akasema. "Nitakitangaza mimi."

Na alikitangaza. Mavuno yaliyofuata matoleo yalikuwa mayai, na mnada wa mayai ni kitu cha ajabu, lakini bati lilipatikana. Siku ya chanjo ikasomwa kanisani na Mwenyekiti mwenyewe, kwa sauti ile ya kusomea ndoa. Katekista akarudishiwa altare. Kideri kikapungua mwaka hata mwaka, ingawa kiangazi chenyewe, kile kisicho na nyumba hata moja, hakikuja. Mwaka mmoja mtu aliwaficha majogoo wake wa harusi akiogopa watapofuka. Mwaka mwingine mjane mmoja alikuwa amemkabidhi ndugu yake kuku wa kulea, wakarudi baada ya chanjo. Daima palikuwa na nyumba moja. Katekista alikwenda kusimama nje ya nyumba hiyo, akapiga makofi, akatoa pole, akarudi kwake, na mkewe alituambia siku hizo hali chakula.

Mimi niliolewa nikahamia Malangali, nikafungua kibanda cha kushona. Kasense nilirudi kumwona Mama, na habari za Katekista nilizipata kwake, pamoja na malalamiko. Nikasikia macho yamemfifia na mikono inatetemeka, hawezi tena kulenga jicho la kuku. Kazi aliwakabidhi akina mama wawili aliowafundisha mwenyewe, na Mama alikiri kwamba wanaifanya vizuri, ila wanaongea sana.

Kiangazi kilichopita nilikwenda, na Mama akanituma nikamjulie hali. Nilimkuta kwenye kigoda, mbele ya mlango wake, blanketi mabegani. Niliinama, nikapiga makofi, nikamwambia shikamoo, nikashika mlango wa uzio nifungue.

"Marahaba. Simama hapo hapo. Usiingie."

Nilidhani hajanitambua, nikamtajia jina la mama yangu.

"Najua wewe ni nani. Simama hapo."

Basi nikasimama barabarani. Nikatazama uwanja wake. Ulikuwa umefagiwa sana. Banda lilikuwa wazi, na sakafu yake imemwagiwa majivu. Hapakuwa na kitu kinachotembea.

"Kwa mama yako wazima?" akaniuliza.

"Wazima."

"Kwa Mwenyekiti?"

Nilikuwa nimepita pale. "Wazima, wamejaa barabarani."

Aliniuliza kwa mpika pombe, kwa yule mjane, kwa yule wa majogoo wa harusi, nyumba hadi nyumba, kwa mpangilio wa njia, kama mtu anayetembea. Nilizojua nilimjibu, na nisizojua alinituma nikaulize kwa jirani wa upande wa pili, nikaenda, nikarudi na majibu barabarani. Zote zilikuwa nzima. Alipofika nyumba ya mwisho, uso wake ukafanya kitu ambacho sikuwahi kuuona ukifanya. Alikuwa na furaha. Mzee yule alifurahi mpaka mdomo ukamtetemeka.

"Basi kimefika," akasema. "Kiangazi chenyewe."

"Lakini kwako, Katekista?"

"Kwangu wameisha Jumatano."

Nikamwuliza ilikuwaje. Alinieleza kama anavyoeleza mambo ya kuku wa watu. Siku ya chanjo aliwafungia kuku wake bandani tangu alfajiri, akakaa pale mlangoni kusubiri. Wale akina mama wakapita barabarani. Aliwasikia wakicheka. Mmoja akasema, hapa kwa Mwalimu wetu tusipoteze tone, hawa walichanjwa sisi hatujazaliwa. Wakaendelea.

"Mbona hukuwaita?"

"Ningewaita wangeona aibu. Nilijua wakimaliza watakumbuka." Akajifunika blanketi vizuri. "Kisha wakaja wageni kunijulia hali, wengi, kutoka kila mahali. Wamenipenda sana mwaka huu."

Nilikasirika. Nilikasirikia wale akina mama wawili, na wageni, na Kasense nzima, na machozi yalinitoka pale barabarani, mbele ya uzio, na yeye hakuweza kuyaona. Nikamwambia nakwenda kuwaambia sasa hivi.

"Usiwaambie."

"Kwa nini?"

"Watakuja," akasema. "Kila nyumba itakuja na kuku mkononi kunipa pole. Watawaweka hapa uwanjani, watakaa, watakunywa maji, kisha watarudi makwao na viatu hivyo hivyo. Na makwao kuna vifaranga vilivyoanguliwa baada ya chanjo." Alikuwa amenielekezea uso, kidogo pembeni ya pale niliposimama. "Waambie mvua zikinyesha."

"Na hesabu yako? Si ulitaka nyumba hata moja isipoteze?"

"Nyumba yangu siihesabu. Nilikuwa nahesabu za watu."

Niliinama, nikapiga makofi, nikamuaga. Nikaosha viatu vyangu kwa maji ya majivu kwenye beseni lililokuwa nje ya uzio, nikaanza kurudi kwa Mama. Kuku walikuwa kila mahali njiani, wakichakura, wakinipita miguuni. Mbele ya kwao, mke wa Mwenyekiti alikuwa anaanua ulezi, na tetea wake wawili walikuwa wanamwibia nyuma yake.

"Unatoka kwa Katekista? Hajambo?"

"Hajambo, mama."

"Na kuku wake?"

Nikamtazama usoni.

"Hawajambo," nikasema.